Bei ya elektroni moja: jinsi umeme unavyopima antioksidanti

Huku Lubumbashi kathodi si neno la maabara. Simama asubuhi kando ya barabara ya kwenda mpaka wa Kasumbalesa utaziona zikipita juu ya malori: mabamba ya shaba yaliyofungwa mafungu kwa mikanda ya chuma, rangi yake kati ya waridi na kutu. Hata yakifunikwa turubai, mtoto anajua kilicho chini. Kila bamba limeota ndani ya tangi la asidi, elektroni kwa elektroni. Ayoni ya shaba iliyo majini imepungukiwa elektroni mbili. Umeme unaiongezea hizo mbili, nayo inatulia na kuganda kuwa metali. Ukiondoa vumbi, foleni za mpakani na siasa, kazi ya viwanda vya Likasi na Kolwezi ni kugawa elektroni.

Nimeanza na shaba kwa sababu jambo ninalotaka kulifungua hapa ni biashara ileile, ila kwa kipimo kidogo mno. Kwenye soko la Kenya (Kenya yetu, mtaa, si nchi) siku hizi kuna chupa za juisi zenye kibandiko kinachosema, kwa herufi kubwa, ANTIOKSIDANTI. Nilimuuliza mama aliyekuwa akiziuza maana ya neno hilo. Hakusita: “Njo ile inasafishaka damu, yaya.”

Sikumbishia, nilinunua chupa nikaondoka. Lakini “kusafisha damu” hakuna mzani wake. Maana ya kikemia ni nyembamba zaidi na inapimika: antioksidanti ni molekuli iliyo tayari kutoa elektroni, mara nyingi pamoja na protoni (kiini cha hidrojeni), kumpa anayeitaka kwa ukali, na baada ya kuitoa yenyewe inabaki imetulia. Na chochote kinachotoa elektroni, umeme unaweza kukihesabu.

Kabla ya vyombo, jaribu hili nyumbani. Chukua ayodini ya vidonda, ile ya kahawia ya duka la dawa, tia matone machache kwenye glasi ya maji mpaka yafanane na chai hafifu. Kamulia ndimu humo. Rangi inatoweka mbele ya macho yako, kama mtu amezima taa. Vitamini C ya ndimu imeipa kila molekuli ya ayodini elektroni mbili, na ayodini iliyoshiba haina rangi. Umeona antioksidanti ikifanya kazi. Usinywe tu.

Sasa, nani anayezitaka elektroni kwa ukali huo ndani ya mwili? Elektroni hupenda kukaa mbilimbili. Radikali huru ni atomu au molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Wanakemia waliamini kwamba kitu cha namna hiyo hakiwezi kudumu peke yake, mpaka Moses Gomberg alipokitengeneza huko Michigan mwaka 1900. Leo tunajua mwili wenyewe unazizalisha kila dakika, na si kwa bahati mbaya kila mara: chembe nyeupe za damu hutengeneza supaoksidi (oksijeni iliyoongezewa elektroni moja) kuwapiga bakteria, na nitriki oksidi, ambayo nayo ni radikali, hulegeza mishipa ya damu. Kazi iliyogundua jambo hilo la mwisho ilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kwa hiyo anayekwambia radikali zote ni adui amekusimulia nusu ya hadithi.

Iliyo kali kupita zote ni radikali ya hidroksili. Maisha yake hupimwa kwa nanosekunde, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde, kwa sababu hunyakua elektroni kwa jirani wa kwanza anayemkuta, awe mafuta, protini au DNA. Ukali huo una namba. Kwenye pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi, na 7 ni katikati), hidroksili iko kwenye volti 2.31. Radikali za mafuta yaliyoharibika ziko karibu na volti 1.0, vitamini E karibu na 0.5, vitamini C karibu na 0.28. Aliye juu humnyang’anya aliye chini yake. Ndiyo maana vitamini E ikishatoa elektroni yake kuokoa mafuta ya utando wa chembe, vitamini C inaweza kuirudishia, kwa kuwa iko chini zaidi. Ngazi hii ya volti ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata.

Nikifafanua mbinu hii kwa watu wasio wa fani, huwapeleka sokoni. Fikiria mnunuzi mmoja amesimama mlangoni pa soko akitaka kununua elektroni. Huyo ni elektrodi: duara dogo la kaboni-kioo, upana wa milimita tatu hivi, jeusi na linang’aa kiasi cha kuuona uso wako. Kwanza anatangaza bei ya chini kabisa. Hakuna anayeuza. Anapandisha kidogo kidogo, milivolti 100 kila sekunde, na bei ikifika mahali fulani wauzaji wa aina moja wanaanza kukubali. Kila elektroni iliyouzwa hupita kwenye waya na kuonekana kama mkondo. Akitoka sifuri mpaka volti moja, zimepita sekunde kumi tu, na kwenye skrini kuna mchoro wenye kilima kimoja au kadhaa.

Mchoro huo unajibu maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Kilima kimesimama kwenye bei gani? Hapo unajua wepesi wa kutoa: kikitokea kwenye volti ndogo, antioksidanti ni nyepesi kutoa. Kilima kina urefu gani? Hapo unajua wingi wake. Juisi inaweza kuwa na wauzaji wachache wanaouza rahisi, au wengi wanaouza ghali, na kibandiko cha chupa hakitakwambia ni ipi kati ya hizo.

Mtu makini atauliza: mbona mkondo unapanda kisha unashuka, ilhali bei bado inapanda? Kwa nini ni kilima na si mteremko mmoja wa kupanda? Kwa sababu mnunuzi ameshawamaliza waliosimama karibu naye. Wa mbali bado wanatembea, nao hutembea polepole, kwa kuenea tu ndani ya maji yaliyotulia. Ndiyo maana hupaswi kukoroga wakati wa kipimo, wala kuigonga meza. Na ndiyo maana kipimo hakimalizi glasi: kinagusa tabaka jembamba kuliko karatasi mbele ya elektrodi, mengine yote yanabaki kama yalivyokuwa.

Akifika juu, mnunuzi anageuka na kushusha bei, akijaribu kuwarudishia wauzaji mali yao. Hapa tabia zinaachana. Molekuli zenye vikundi viwili vya hidroksili (oksijeni na hidrojeni zilizoshikana, si ile radikali) vilivyokaa jirani kwenye pete ya kaboni, kama kwesetini ya vitunguu au asidi ya klorojeni ya kahawa, mara nyingi hupokea elektroni zao tena, na kilima cha pili kinatokea upande wa chini wa mchoro. Vitamini C haipokei. Mara tu baada ya kuuza, inachukua maji na kubadilika umbo. Ni unga uliokwisha kusongwa bukari, haurudi guniani. Kwa jicho lililozoea, kuwapo au kutokuwapo kwa kilima cha kurudi ni kama lafudhi: unasikia mtu ametoka wapi kabla hajataja kwao. Mbinu hii huitwa voltametri ya mzunguko. Mwaka 2001 Paul Kilmartin na wenzake walionyesha inavyofaa kwa divai: kwenye asidi ya kiasi cha divai, pH 3.6, fenoli, yaani molekuli zenye hidroksili kwenye pete hiyo, huuza karibu na volti 0.4 zikiwa na mbili jirani, zenye moja tu husubiri bei ya juu zaidi.

Elektrodi ni tatu, na hilo huwachanganya wanafunzi. Mnunuzi tumemwona. Wa pili ni mtunza bei, waya wa fedha uliofunikwa kloridi ya fedha, ambaye haruhusiwi kununua wala kuuza. Mkondo haupiti kwake, ndiyo maana bei yake haiyumbi. Wa tatu, kwa kawaida waya wa platini, ni mlango wa nyuma ambao umeme unazungukia ili saketi ikamilike. Chombo kinachowasimamia wote huitwa potenshiostati. Zamani kilikuwa mali ya maabara tajiri, lakini mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha michoro ya kimoja, CheapStat, ambacho mtu angeweza kukiunda mwenyewe kwa chini ya dola 80. Na kama una ndugu mwenye kisukari, umeshashika kingine bila kujua: kipima sukari kinachoomba tone la damu ni mtoto wa ukoo huohuo, na kile kijiti chake cha kutupa kina elektrodi zilizochapwa kama wino.

Sehemu ngumu ya kazi hii haimo kwenye mashine. Imo kwenye kitambaa. Fenoli zikishauza elektroni hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuacha utando juu ya kaboni, kana kwamba wauzaji wa kwanza wametupa magunia yao mlangoni. Mzunguko wa pili kilima kimefupika, wa tatu zaidi, na asiyejua ataandika kwamba chai anayoipima imepungua nguvu. Kwa hiyo kati ya kipimo na kipimo unachukua unga wa alumina wenye chembe za mikromita 0.05, unaulowesha juu ya kitambaa bapa, unasugua elektrodi kwa kuchora namba nane, tena na tena, bila kukandamiza upande mmoja. Namba nane, si duara, ili isilike mshazari. Unasuuza, unaitazama kwenye mwanga, ukiona ukungu unarudia. Kuna siku nzima za maabara ambazo ni hizo namba nane tu.

Mwanakemia Jaroslav Heyrovský alilikwepa tatizo hilo kwa ujanja ambao bado naustaajabia. Mwaka 1922, mjini Prague, alitumia elektrodi ya zebaki inayodondoka: kila tone jipya ni uso mpya ambao haujaguswa na mtu. Alipata Nobel ya kemia mwaka 1959. Zebaki ileile wanayoitumia wachimba dhahabu wadogo, na kwa sumu ileile, maabara nyingi zimeiacha.

Ipo njia nyingine isiyouliza bei bali inahesabu mali yote mpaka mwisho. Huko Kazan, Urusi, wameitumia sana. Unaweka chumvi ya bromidi majini na kupitisha mkondo usiobadilika. Umeme unaigeuza bromidi kuwa bromini, ambayo ni mlafi wa elektroni. Ukitia chai yako, antioksidanti zinaila bromini. Unahesabu umeme uliohitajika mpaka chai iishiwe. Hakuna bureti (mrija wa kudondoshea dawa) wala dawa ya kupima uzito wake, umeme wenyewe ndiyo dawa, na jibu linakuja kwa kulombu, kipimo cha wingi wa umeme uliopita. Hapo hesabu yetu ya shaba inarudi. Mililita 100 za maji ya ndimu zenye miligramu 50 za vitamini C, kila molekuli ikitoa elektroni mbili, zina kama kulombu 55. Bamba moja la shaba la kilo 50 limemeza zaidi ya kulombu milioni 150.

Kupima radikali zenyewe ni kazi nyingine kabisa. Utamkamataje anayeishi nanosekunde? Kwa hidroksili, kwa kawaida humkamati. Unasoma alama alizoacha, kwa mfano kwa kufunika elektrodi na tabaka la DNA na kutazama mkondo unavyobadilika baada ya shambulio. Supaoksidi ina subira kidogo, nayo inaruhusu mchezo mzuri. Unayeyusha oksijeni kwenye DMSO, kiyeyushi kisicho na maji. Elektrodi inaipa kila oksijeni elektroni moja: supaoksidi imezaliwa. Bei inapogeuka, elektrodi inainunua elektroni ileile, na kilima cha kurudi kinatokea. Sasa tia tone la dondoo ya mmea. Kilima cha kurudi kikifupika, maana yake supaoksidi imezimwa njiani. Lakini tahadhari, maana nimeona watu wakishangilia mapema: asidi yoyote huimaliza supaoksidi. Maji ya ndimu yangekifupisha kile kilima hata yasingekuwa na vitamini C hata chembe.

Njia ya kibiolojia zaidi ni kubandika protini ya saitokromu c juu ya dhahabu. Supaoksidi ikiipa protini elektroni, protini inaipitisha kwenye dhahabu, na mkondo unaopatikana unalingana na wingi wa radikali. Kwa nitriki oksidi, mwaka 1992 Tadeusz Malinski na Ziad Taha walitumia uzi wa kaboni mwembamba kuliko unywele, uliopakwa pofirini yenye nikeli na juu yake utando wa kuzuia wapita njia wenye chaji hasi, na wakapima radikali hiyo ikitoka kwenye chembe moja hai. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya kuonea wivu kuliko zote katika fani hii.

Utauliza kwa nini kuhangaika na elektrodi wakati ipo mbinu ya rangi ya DPPH (radikali inayodumu), inayojulikana tangu 1958, ambayo zambarau yake hufifia kuelekea manjano ikikutana na antioksidanti. Ni rahisi na wengi huanza nayo. Lakini mwanga lazima upite. Jaribu kuupitisha kwenye kinywaji cha munkoyo chenye mashapo ya mahindi, au kwenye maji ya sombe (majani ya muhogo). Elektrodi haina macho: rangi haiihusu, ukungu hauihusu, na hata sukari ya juisi haiuzi chochote kwenye kaboni kwa bei hizo. Ina upofu wake pia. Karotini inayofanya mawese kuwa mekundu haiyeyuki majini, kwa hiyo ukipima kwenye maji utasema mawese hayana kitu. Na ukipima juisi ya kiwandani iliyotiwa salfaiti ili isiharibike, elektrodi itaihesabu salfaiti kama muuzaji halali.

pH nayo. Kwa kuwa elektroni nyingi hapa huondoka na protoni, bei husogea kama milivolti 59 kwa kila hatua ya pH. Ndimu ipimwe ndani ya bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ileile unayopimia chai, la sivyo umelinganisha soko la Kenya na soko la Paris. Matokeo yasiyotaja pH wala elektrodi ya rejea (yule mtunza bei) mimi huyapita.

Swali la yule mama, hata hivyo, lilikuwa la damu. Nalo lina jibu la kustaajabisha. Ukiiweka plazma ya damu kwenye elektrodi, sehemu kubwa ya kilima cha kwanza hutoka kwa asidi ya yuriki, ambayo kwenye damu ni nyingi kuliko vitamini C mara kadhaa. Mtu anayekula nyama na kunywa bia kila Jumamosi huipandisha. Kwa hiyo elektrodi inaweza kusema damu yake ina “nguvu ya antioksidanti” kubwa wakati kidole gumba cha mguu kimevimba kwa jongo, ugonjwa unaoletwa na asidi hiyohiyo. Chombo hakijadanganya. Kimeulizwa kuhusu elektroni, kikajibu kuhusu elektroni.

Wizara ya kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula na alama zao za antioksidanti. Mwaka 2012 iliiondoa, kwa kuwa alama hizo za maabara zilitumika kuuza bidhaa ilhali hazionyeshi kinachotokea mwilini. Na kabla ya hapo, mwaka 1994, yalitoka matokeo ya Finland: wavutaji sigara wa kiume 29,133, baadhi wakipewa vidonge vya beta-karotini. Waliopewa walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Utafiti mwingine wa aina hiyo Marekani ulisimamishwa mwaka 1996. Vidonge hivyo si sawa na mawese ndani ya sufuria ya lengalenga, lakini habari hiyo inatosha kumfanya mtu asiwe na haraka na neno “nyingi” kwenye kibandiko.

Kwa yule mama ningetumia chombo hiki kwa kazi ambayo kinaijua kweli: kuifuatilia juisi yake mwenyewe. Kilima cha vitamini C cha chupa ya saa tatu asubuhi, halafu cha chupa hiyohiyo saa tisa, baada ya kukaa juani juu ya meza. Kushuka kwa kilima kungemwambia auze ipi kwanza na ipi aiweke kwenye ndoo ya barafu. Na ningemwomba aniruhusu nitazame sufuria anayochemshia na kijiko anachokorogea. Shaba, hata kidogo sana iliyoyeyuka, huharakisha vitamini C kuharibika kwenye hewa: inachukua elektroni kwake, inaipa oksijeni, inarudi kuchukua nyingine, bila yenyewe kuisha. Pakiwa na peroksidi ya hidrojeni, mzunguko huo huweza kuzaa ile hidroksili ya nanosekunde, kwa elektroni zilizotolewa na antioksidanti yenyewe. Kwenye mji huu kijiko cha shaba si kigumu kupata.